Mti wa Kivuli, Mbao ya Kitanda

“Unataka kitanda cha kulalia au cha kuonyesha wageni?” fundi aliniuliza, huku randa yake ikiendelea kwenda na kurudi.

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa karakana yake, Daraja Mbili, maranda yamenifika kwenye vifundo vya miguu. Ulikuwa mwezi wa sita, msimu ambao Arusha nzima hutembea na makoti, na Mlima Meru hukaa ndani ya wingu hadi watu wakausahau. Nikasema nataka cha kulalia. Akaweka randa chini, akaingia ndani, akatoka na ubao begani. Nikasema basi na hicho cha wageni nikione. Akacheka, akarudi kuchukua wa pili.

Wa kwanza ulikuwa mringaringa. Wa pili mninga.

Watalii wanaofika Arusha hupitishwa kwenye mnara wa saa, huuziwa vinyago vya mpingo, na kesho yake alfajiri wako njiani kwenda Ngorongoro. Daraja Mbili hawafiki, na hakuna aliyewahi kuwaambia kuna sababu ya kufika. Ni kata ya watu wanaotengeneza vitu, si mbali na Unga Limited wala soko la Kilombero: mageti yanachomelewa barabarani, makochi yanavishwa vitambaa nje ya duka, vitanda vya tano kwa sita vimesimamishwa ukutani vikingoja rangi. Ukiuliza kitanda hiki ni cha mbao gani, utapewa majina ambayo ni ramani ya nchi. Paini ya Sao Hill, Mufindi. Mninga wa Tabora au Katavi. Mkongo wa kusini. Saipresi ya hapo juu mlimani, kutoka mashamba ya miti ya serikali. Na mringaringa, ambao nilipouliza unatoka wapi, fundi alinyanyua kidevu kuelekea kwenye wingu lililoficha mlima na kusema, “Kwa watu.”

Jibu hilo ndilo lililonipandisha mlimani siku iliyofuata. Lakini kwanza mbao.

“Shika,” aliniambia. Ubao wa mringaringa haukunipa kazi. Mita moja ya ujazo ya mbao hii ikikauka ina uzito wa karibu nusu tani, hupungua au kuzidi kidogo kutegemea mti umekulia wapi. Mninga hupita kilo 600. Mpingo, ule wa vinyago na wa zumari za Ulaya, huvuka tani moja na huzama ukiutupa majini. Ajabu ni kwamba kwenye vitabu vya misitu yote mitatu imewekwa kundi moja la mbao ngumu, kwa sababu wataalamu hawapimi ugumu kwa ukucha wala kwa mizani. Miti yenye maua na majani mapana wanaiweka upande huu. Misonobari, misaipresi na mitarakwa wanaiweka upande ule. Kwa hesabu hiyo mringaringa, ambao ukucha wangu uliutia alama, ni mbao ngumu. Na mtarakwa, ambao nguzo zake za uzio hukaa ardhini miaka na miaka bila kuoza, ni mbao laini. Fundi hana habari na mgawanyo huo. Kwake mbao ngumu ni ile inayokula meno ya msumeno.

Aliutemea mate kidogo ubao wa mringaringa, akausugua kwa kidole gumba ili nione rangi itakayotoka vanishi ikishapakwa. Kilitokea kitu kati ya kahawia na waridi, na mistari myeusi myembamba ikipita humo bila haraka. Pembeni, upande uliokuwa karibu na gome, kulikuwa na ukanda mweupe wa upana wa vidole viwili. Akaugonga na patasi. “Huu ndio ugonjwa wake. Weupe ni chakula cha bungua. Fundi mwongo anaupaka rangi, anakuuzia. Baada ya mwaka unakuta unga chini ya kitanda.” Kiini cha mti, ile sehemu yenye rangi, wadudu hawakipendi, hata mchwa husita kukila. Kwa hiyo fundi mwaminifu hupoteza mbao: anakata weupe wote na kuutupa kwenye kuni, na ubao ulioingia na upana wa inchi kumi unabaki saba.

Sifa zake nyingine alizitaja kwa mpangilio wa kazi. Hukauka upesi. Ukipangwa vizuri kivulini, na vijiti katikati ili hewa ipite, haupindi sana. Hausumbui randa, haupasuki ovyo, unashika gundi, unapokea msasa mpaka ung'ae. Alipofika hapo akanyamaza, kisha akataja kasoro kubwa kuliko ya bungua: mringaringa haunyooki. Shina lake hupanda kidogo likaamua kwenda kushoto, likabadilisha mawazo, likagawanyika. Kupata ubao wa futi kumi na mbili ulionyooka ni bahati. Ndiyo maana kitanda cha mringaringa mara nyingi huwa na ubao wa kichwani, miguu na droo za mringaringa, lakini mbavu ndefu za ubavuni ni za mti mwingine. Kabati huwa zuri zaidi, kwa kuwa milango ya kabati ni mifupi.

Mninga hauna mambo hayo. Una tabia moja ambayo mafundi wa kusini mwa Afrika nzima wanaisifia: ukishakauka hausinyai wala hauvimbi, mvua ije, kiangazi kije, droo inaingia vilevile. Mti wenyewe ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kabisa, na vumbi lake hukera pua na vifua vya wanaolipumua. Fundi alikuwa na kitambaa cha kujifunga mdomoni alichokitundika kwenye msumari, na nilipomwuliza kama kinasaidia akasema hukitumia siku za mninga tu. Ni mti wa misitu ya miombo, unaokua polepole, na mche wake una ukaidi ambao umewashinda wengi wanaotaka kuuotesha bustanini: unachipua, kiangazi unakufa juu, unabaki mzizi, mwaka unaofuata unachipua tena, na hivyo hivyo kwa miaka kadhaa kabla haujathubutu kusimama.

Ndiyo sababu hatima ya mninga huamuliwa mbali sana na Daraja Mbili. Mwezi Novemba 2022, huko Panama, mkutano wa nchi zilizotia saini CITES, mkataba wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, uliiweka jamii yote ya mninga ya Afrika katika Kiambatisho cha Pili, pamoja na mkongo na mkangazi, maana yake haivuki mipaka ya nchi bila kibali. Kwa ndani, magogo na mbao za msituni husafiri na hati ya Wakala wa Huduma za Misitu, na husimamishwa kwenye vizuizi. Masharti hayo yana historia. Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, misitu ya Lindi na Mtwara ilikuwa ghafla karibu na bandari, na ripoti ya mwaka 2007 ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya mimea na wanyamapori, ilieleza kwamba katika ngazi ya wilaya hadi asilimia 96 ya mapato yaliyostahili kukusanywa kwenye magogo hayakukusanywa. Fundi hakuwahi kuisoma ripoti hiyo. Anachojua ni kwamba kila lori la mninga likifika, bei imepanda, na dereva ana maelezo mapya.

Mringaringa hauna lori. Unakuja Daraja Mbili mti mmoja mmoja, kwenye pikapu ya mtu, mara nyingine mwezi wa kwanza shule zinapofunguliwa, mara nyingine baada ya msiba. Fundi alikuwa na kijana wa kujifunza kazi, mrefu, mkimya, kutoka Akheri. Babu yake alikuwa na mti aliokuwa akifikiria kuuuza. “Nenda naye ukauone ukiwa umesimama,” fundi akaniambia. “Ukishauona utaacha kuniuliza maswali.”

Tulipanda kifodi hadi barabara kubwa, kisha hiace ya Tengeru. Hiace za Barabara ya Moshi ni zilezile: muziki juu, konda nusu nje, kina mama wenye ndoo tupu wakirudi kutoka mjini kuuza maziwa. Tulipita Sanawari, tukapita Ngulelo, na kila tulipovuka kijito kulikuwa na ukanda wa kijani kibichi ukishuka kutoka kulia… hapana, kushoto, mlima ulikuwa kushoto, ingawa hukuweza kuuona. Tengeru ilikuwa siku ya soko, Jumamosi, ndizi za kila aina zimelala chini na nyanya zimepangwa mafungu. Hapo tukachukua bodaboda mbili kupanda Akheri.

Njia ile ina historia nyingi kuliko vumbi lake. Ni huku Akheri ambako Oktoba 1896 waliuawa wamisionari wawili wa Misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, na ni huku ambako Wajerumani walileta vita vya kulipiza kisasi. Mwaka 1902 wamisionari walirudi na kujenga Nkoaranga, mbele kidogo. Pamoja na dini kikaja kitu kingine kilichoota mizizi mirefu: kahawa. Baadaye walowezi walichukua ardhi ya chini, mashamba makubwa yaliyouzunguka mlima, na juu serikali ikachora mpaka wa msitu wa hifadhi. Wameru wakabaki katikati, kwenye ukanda mwembamba wenye rutuba, wakiongezeka ilhali ardhi haiongezeki. Mwaka 1951 Waingereza walipowahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi wafugaji, malalamiko yao yalifika New York: mwaka 1952 Kirilo Japhet alisimama Umoja wa Mataifa kuyaeleza, akisaidiwa na wakili Earle Seaton. Hawakurudishiwa ardhi wakati ule, lakini jina la Meru likajulikana duniani kwa kitu kingine kisichokuwa kilele chake cha mita 4,566.

Nayataja haya kwa sababu ya mti. Mtu mwenye ekari moja na nusu, aliyebanwa na msitu wa serikali juu na shamba la mlowezi chini, hana nafasi ya mti wenye kazi moja. Kila kinachosimama kihambani, kwenye shamba la nyumbani, lazima kijieleze.

Babu alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, ana kofia ya sufu na koti la suti juu ya sweta. “Shikamoo babu.” “Marahaba, mjukuu wangu. Umetoka mjini na baridi hii kuja kuona mti?” Mjukuu wake akaeleza. Babu akanitazama viatu, akaridhika, akasimama.

Kihamba cha Meru hakina mstari. Kwanza unaingia chini ya migomba, majani yake yaliyokauka yananing'inia na kukupiga usoni. Chini ya migomba kuna mibuni, na chini ya mibuni magimbi na maharage. Juu ya vyote hivyo, vimetawanyika bila mpango unaoonekana na mgeni, vichwa vya miti mirefu. Nilihesabu miringaringa minne kabla sijaacha kuhesabu. Gome la mringaringa limechakaa, lenye mipasuko. Majani ni makubwa, ya mviringo, ukiyapitishia kidole yanakwaruza. Ilikuwa imechanua. Ua la mringaringa ni jeupe na limekunjamana kama leso iliyofuliwa ikakauka bila kupigwa pasi, na mti mmoja huwa na maua hayo maelfu. Ardhi chini ilikuwa imefunikwa, na juu kulikuwa na mngurumo ambao dakika ya kwanza nilidhani ni pikipiki zetu zikishuka. Ni nyuki.

“Sikia,” babu akasema. “Hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza.”

Mizinga yake miwili ilikuwa imetundikwa kwenye tawi la mti jirani, nayo pia ilikuwa ya mringaringa: gogo fupi lililochongwa ndani likabaki tupu, likafungwa pande mbili. Mbao nyepesi isiyopasuka, inayokubali kuchimbwa, ndiyo inayotakiwa kwa mzinga, na sababu hiyohiyo imeufanya mti huu upendwe na watu wa mbali wasiojuana. Uganda mafundi wa ngoma huchonga humo miili ya ngoma zao. Ethiopia, ambako unaitwa wanza, vibao vyake vilifunika vitabu vya ngozi vya makanisa ya kale, na hali ya mti huo kule ilifikia mahali ambapo sheria ya misitu ya mwaka 1994 iliutaja kati ya miti minne isiyoruhusiwa kukatwa kwenye misitu ya serikali. Kwa Wakikuyu ni muringa. Huku mlimani, bibi aliyetuletea chai alinionyesha kinu chake cha kutwangia, kimeliwa ndani mpaka kimekuwa chembamba, akasema ni cha mama mkwe wake.

Kazi ya pili ni kivuli. Mbuni wa Arabika ulizaliwa msituni, chini ya miti mingine, na jua kali la mchana huuchosha. Lakini kivuli kikizidi nao hauzai. Mringaringa una kichwa kipana kilichoachana, kinachopitisha mwanga wa kutosha, na ukikatwa matawi unachipua tena bila kinyongo. Kiangazi hupukutisha majani, ambayo kwa ukubwa wake huoza upesi na kuwa mbolea chini ya mibuni. Yale ambayo mbuzi na ng'ombe wa ndani wanayapata kabla hayajaoza, wanayala. Matunda yake, madogo, ya njano yakiiva, yana utomvu mtamu unaonata. Watoto huyala, na babu alisema alipokuwa shule ya msingi ndiyo yaliyokuwa gundi ya daftari.

“Uliupanda lini huu?” nilimwuliza, tulipofika kwenye mti wenyewe, mkubwa kuliko wote, umesimama kati ya mibuni kuelekea korongoni.

Akanitazama kwa namna ya mtu aliyeulizwa alipanda lini mvua. “Huu haupandwi. Unaachwa.”

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa mbao niliyoiona Daraja Mbili. Ndege hula tunda, hutupa mbegu. Mbegu hukaa wiki nyingi ardhini kabla ya kuota. Mwenye kihamba, akipalilia mibuni yake, hukutana na maotea: mche mdogo wa majani mawili matatu, ambao jicho la mgeni lingeuita gugu. Hapo anaamua. Kama uko mahali ambapo baada ya miaka kumi atataka kivuli, jembe linauzunguka. Kama uko vibaya, unang'olewa, au unahamishiwa kwa jirani. Huu wa babu, kwa maelezo yake, baba yake ndiye aliyeuzungushia jembe. Hakuna kitalu, hakuna mradi, hakuna kibao chenye jina la mfadhili. Uamuzi wa sekunde moja, na jembe mkononi, ukirudiwa na maelfu ya watu mlima mzima, ndio uliowapa mafundi wa Arusha mbao.

Lakini hakuna aliyeuzungushia jembe akiwaza kitanda. Aliwaza kahawa. Mbao ilikuwa ziada, na ada ya shule ndani ya mbao ilikuwa ziada ya ziada. Kwa hiyo swali la kama Daraja Mbili watakuwa na mringaringa miaka thelathini ijayo halijibiwi na watu wa misitu. Linajibiwa na bei ya kahawa.

Na bei ya kahawa imekuwa na maneno mengine. Julai 1989 nchi zinazozalisha na zinazonunua zilishindwa kuelewana juu ya mgawo wa mauzo, mfumo uliokuwa ukishikilia bei ukaanguka, na bei ikaanguka nao. Wazee wa Meru na Kilimanjaro wanaikumbuka miaka ile kwa mambo yaliyokatika: ada, mabati, harusi zilizoahirishwa. Wengine waling'oa mibuni. Bei ilipopanda tena miaka ya baadaye, ardhi ilikuwa imeshapata kazi nyingine. Ukitazama kutoka kwa babu kuvuka korongo, kihamba cha jirani kimekuwa shamba la wazi, limepandwa kabichi na nyanya kwa mistari iliyonyooka, mpira wa maji unapita katikati. Ni shamba zuri. Linalipa kila miezi mitatu, na soko la Tengeru liko chini pale. Lakini nyanya haitaki kivuli hata kidogo, na palizi ya nyanya haina huruma na maotea. Sikuona mringaringa hata mmoja upande ule, ila kisiki kimoja kilichochipua, na machipukizi yake yalikuwa yamekatwa kuwa miti ya kuegeshea nyanya.

Mpakani mwa shamba hilo kulikuwa na mstari wa migrevilea, mti wa Australia ulioletwa kwenye mashamba makubwa ya kahawa ukatapakaa. Siwezi kuulaumu. Unapanda wima kama ulivyoambiwa, hauli nafasi, una mbao ya kutosha kwa paa na kuni, na mtu anaweza kuuona ukikua. Mjukuu wa babu aliniambia kwa kunong'ona kwamba yeye akipewa sehemu yake atapanda grevilea. “Mringaringa unataka mtu mwenye subira, dada. Mimi nataka nyumba.” Kwa mtu anayejifunza useremala kwa kuchonga mringaringa wa babu yake, nilidhani angesema vingine. Halafu nikakumbuka anavyolipwa.

Njiani kwenda Nairobi, upande wa pili wa jiji, kuna Chuo cha Misitu cha Olmotonyi, kilichoanza mwaka 1937, na kwa vizazi vyote hivyo vijana wamefundishwa pale kupima, kupunguzia na kuvuna miti. Mashamba yanayokizunguka ni paini na saipresi, safu kwa safu. Hilo linaeleweka: serikali inaweza kupanda kile kinachopandika. Mringaringa umekaa nje ya hesabu zao, si mti wa msitu hasa wala si zao la shamba hasa. Upande wa Kilimanjaro, vihamba vya Shimbwe Juu viliingizwa na FAO mwaka 2011 kwenye orodha ya urithi wa kilimo duniani, na mringaringa ni mmoja wa miti inayovifanya vihamba hivyo viwe hivyo. Ni heshima, na sina neno nayo, ingawa sijawahi kusikia mkulima aliyeacha kupanda nyanya kwa sababu ya orodha.

Tulirudi chini ya mti. Babu aliuzunguka, akaupiga kwa kiganja sehemu tatu tofauti, akionyesha mahali unapopinda, mahali lilipokuwa tawi lililovunjwa na upepo. “Ubao mrefu utapata mmoja, labda mbili, kutoka hapa mpaka hapa. Juu ni vipande.” Kibali kingeanzia kwa mwenyekiti wa kijiji, alisema, maana hata mti wa kihambani kwako hukati kimyakimya, na mbao haziteremki barabarani bila karatasi. Watu wa chenso wangetoka Nkoaranga.

Nikamwuliza kama anaweza kuniuzia mbao za kitanda tu, nyingine amwachie fundi. Akacheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu tufike. Mti hauuzwi kwa vipande ungali umesimama. Fundi atachukua wote, apasue, apange kivulini, na mimi nitapata changu mwakani, mbao zikishakauka. Hata hivyo hauangushwi sasa. Mibuni ilikuwa na matunda ya kijani, na msimu wa kuchuma ulikuwa mbele. Baada ya mavuno, watu wawili watapanda na kamba, wakate matawi moja moja na kuyashusha polepole, kisha shina likatwe vipande kutoka juu kuja chini. Ukiuangusha mzima unasawazisha nusu ya kihamba.

“Hata hivyo mibuni mingine itakufa,” akasema. Akainama, akashika shina la mbuni mmoja, wa pili, wa tatu, akihesabu iliyokuwa chini kabisa ya mti. Kwa wa nne alisita, akautikisa kidogo, akauacha. Alipoinuka akamgeukia mjukuu wake, si mimi.

“Mwambie fundi wako mibuni ni mitatu. Bei yake iko ndani ya bei ya mti.”

“Babu, fundi hanunui kahawa.”

“Basi akatafute mringaringa usio na kahawa chini yake.”

Kijana akatoa simu mfukoni, akaanza kutafuta mtandao.